Zamu ya Mama Mdogo

Jumatatu, 18 Novemba 2024. Mbagala

Simu ililia saa nne usiku nikiwa napinda sketi za shule. Nilipoona ni kaka yangu wa Mwanza nikajua. Kwetu hakuna anayepiga simu saa nne usiku kuulizia hali. Nilizima cherehani kwanza, ndipo nikapokea.

Mama mdogo ametutoka. Figo. Alikuwa amelazwa Mwanza wiki mbili, na ukoo ulikuwa umeshachanga mara tatu kwenye kundi la WhatsApp. Ile mara ya tatu nilituma elfu ishirini huku nikinung'unika. Naandika hivyo kwa sababu ndicho kilichonijia kwanza, kabla hata ya machozi: elfu ishirini.

Mwanangu alifariki mwaka 2021, ana miezi minne. Nimonia. Katika watu wote waliokuja, mama mdogo peke yake ndiye ambaye hakuniambia kwamba Mungu ana makusudi yake. Alipanda basi kutoka Kamachumu, kwetu Kagera, akakaa kwangu siku tisa. Alifua, alipika, alikwenda sokoni na kurudi akilalamikia bei ya ndizi za Dar, ambazo kwa maoni yake si ndizi. Wengine walileta Ayubu: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Nilianza kuuchukia mstari huo, kisha nikawachukia wanaousoma, kisha jengo wanamousomea. Tangu Pasaka ya 2022 sijaingia kanisani isipokuwa kwenye harusi mbili, na harusi hazihesabiki.

Siku ya saba au ya nane nilimuuliza. Alikuwa anachagua mchele. Mumewe, baba mdogo, alipanda MV Bukoba pale Kemondo usiku wa tarehe 20 Mei 1996, akienda Mwanza kununua bidhaa za duka. Asubuhi yake, Jumanne ya tarehe 21, meli ilipinduka ikiwa imeshakaribia Mwanza. Mama mdogo alibaki na watoto watatu na mimba ya miezi saba. Nikamuuliza, ulifanyaje?

Alipuliza makapi. Akafikiri. Akasema, "Jumamosi ile ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Nikaenda, nikafagia."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Akaniuliza chumvi inakaa wapi.

Miaka mitatu jibu lile limenikera.

Jumanne, 19 Novemba. Njiani

Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja alfajiri. Treni ya SGR ingenifikisha Dodoma kwa saa chache, lakini Dodoma ningeanza upya kutafuta basi, na mwenye msiba hataki kubadilisha vyombo. Nikapanda la moja kwa moja. Televisheni ya mbele ilipiga nyimbo za Injili kutoka Kibaha hadi Singida, kwaya baada ya kwaya, wote sare, wote wakipunga mikono mbele ya maporomoko ya maji. Mimi fundi, nilitazama mishono tu. Kuna kwaya moja fundi wao anapaswa kwenda kuungama.

Tulichimba dawa mara tatu. Mama wa Kisukuma niliyekaa naye alinigawia viazi vitamu bila kuniuliza naenda wapi, na nilimshukuru kwa yote mawili. Nyegezi tulishuka saa tano na ushee usiku.

Jumatano, 20 Novemba. Mwanza

Kikao cha ukoo kwa kaka, Igoma. Mwili utaondoka kesho alfajiri kwa barabara, kupitia kivuko cha Kigongo–Busisi, ulale nyumbani Kamachumu, tuzike Ijumaa. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa na daftari la rambirambi mkononi na kalamu sikioni, akionekana mwenye furaha kidogo, kama watu wote wanaopewa daftari.

Tatizo likawa viti. Coaster tuliyokodi inabeba watu ishirini na wanane, na wenye haki ya kupanda walifika arobaini. Ndipo kitinda mimba wake akasema, "Mimi nitakwenda na meli."

Kikao kikanyamaza. Huyu ndiye aliyekuwa tumboni ile Mei. Alizaliwa Julai 1996, na tangu mwaka huo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekanyaga meli. Tunazunguka kwa nchi kavu. Hata pale kivukoni, dakika chache tu za maji, mama mdogo alikuwa akifunga macho na kuwaambia watu eti ana usingizi.

Mjomba akaanza, "Mwanangu, si lazima..." na mdogo wangu akarudia, kwa sauti ileile, kwamba atakwenda na meli. Nikasema nitakwenda naye. Sikusema kwa ushujaa. Alikuwa amelala kwenye benchi la wodi usiku kumi na nne na macho yake yalikuwa kama ya samaki wa jana. Mtu kama huyo huwezi kumwacha asafiri peke yake hata kwa miguu.

Alasiri alinipeleka kwenye makaburi ya wahanga, hapohapo Igoma, mahali walipozikwa wengi waliopatikana bila kutambuliwa. Kuna mnara na makaburi mengi, na siku ya kazi hakuna mtu. Alisimama mikono mfukoni.

"Mama alikuwa anasema baba hayupo hapa," akasema. "Anasema yupo kwenye mgomba."

Kweli. Mwili ulipokosekana, wazee wa ukoo walizika kipande cha mgomba kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Mwinjilisti wa wakati ule alipita njia ya nyuma siku hiyo akajifanya hakuona. Mama mdogo, ambaye mama yake alikuwa mlokole wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki, mtu wa kuungama hadharani hata akikopa sukari kwa hila, kila mwaka alipalilia kile kiduara cha ardhi na hakuwahi kuona kwamba anakosea.

Alhamisi, 21 Novemba. Ziwani

Tarehe 21. Hakuna aliyeitaja.

Meli ni MV Victoria, siku hizi imeongezewa jina la Hapa Kazi Tu. Ni ya tangu 1961. Ilikarabatiwa ikarudi majini mwaka 2020, na inabeba watu 1,200. Mdogo wangu aliyajua hayo yote. Alikuwa ameyasoma kwenye simu, kama mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji anavyosoma habari za daktari wake. Tulipoingia alihesabu majaketi ya kuokolea yaliyopangwa juu ya viti vyetu. Akahesabu tena.

Tuliondoka usiku, taa za Mwanza zikipanda vilima mpaka juu kwenye mawe. Mpango wake ulikuwa huu: ajue ni wapi, asimame pale, aangalie. Basi. Nilimuuliza baharia mmoja wa makamo, akanijibu kwa upole wa mtu ambaye ameulizwa swali hili mara nyingi. Tutapita maeneo yale mapema, akasema, kabla ya watu wengi kulala. Akanionyesha upande.

Mdogo wangu alikuwa amenunua sangara wa kukaanga kwenye mfuko wa karatasi. Alikaa kwenye benchi, mfuko mapajani, akisema hatakula kwanza. Nikaenda kutafuta maji ya kunywa. Niliporudi alikuwa amelala. Si kusinzia. Amelala kama alivyokuwa akilala mtoto, mdomo wazi, kichwa kimemwangukia mama mmoja mwenye tenga la vifaranga, na mama yule amejikaza asitikisike.

Nilimsimamia hapo. Nikaweka mkono begani kwake nimwamshe, nikautoa. Nikauweka tena. Mama wa vifaranga akanitazama akatingisha kichwa: mwache.

Kwa hiyo nilikwenda mimi. Nilisimama upande ule nilioonyeshwa, nimeshika chuma kilicholowa umande. Hakuna kitu. Maji meusi, upepo, sauti ya injini, mtu nyuma yangu anabishana na simu kuhusu deni la mahindi. Nilikuwa nimefikiri nitamwona baba mdogo, shati lake la kijani lililo kwenye picha ya sebuleni, au nitalia. Badala yake nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa zaidi ya miaka miwili: nilisema na Mungu. Sikumwita kwa majina yake mazuri. Nilimwambia, huyu aliyelala pale usimguse. Umeshachukua baba yake hapa na mama yake juzi. Inatosha. Usimguse.

Halafu nikaona nimesema na mtu. Huwezi kumgombeza asiyekuwepo. Hilo lilinikasirisha zaidi, nikarudi kukaa, nikala samaki wake nusu.

Ijumaa, 22 Novemba. Kemondo, Kamachumu

Kemondo alfajiri, giza bado. Aliamka kwa kishindo cha kamba.

"Tumeshapita?"

"Tumeshapita."

Alitazama mfuko wa samaki, akanitazama mimi. "Kukoje?"

"Maji tu."

Akatingisha kichwa polepole, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa akitaka kulijua. Akamaliza samaki waliobaki palepale gatini, na mikate miwili, na chai.

Kutoka Kemondo tulipata gari dogo la abiria mpaka Muhutwe, tukapanda mwinuko kwenda Kamachumu. Ukizoea Mbagala, macho yanachoka na ukijani. Migomba, mibuni chini ya migomba, nyumba ndani kabisa, na kila kibanja na makaburi yake, maana Mhaya huzikwa kwake. Nyumba ya mama mdogo bado ina ule ufa wa tetemeko la Septemba 2016, kutoka dirishani mpaka kwenye picha ya Askofu Josiah Kibira. Picha hiyo haikuanguka na yeye alilitaja jambo hilo mara nyingi. Alimpenda Kibira. Mtoto wa kwetu, mwaka 1977 akachaguliwa rais wa Walutheri wa dunia nzima, Mwafrika wa kwanza. Mtoto akivivia kwenda shule, Kibira alitajwa.

Sebuleni walitandika nyasi, wanawake wamekaa na kulala juu yake tangu jana. Nilipoingia walinishika mmoja mmoja. Shangazi mmoja alisema "mpola, waitu, mpola", na kile Kihaya kikanifungua. Nililia pale. Nililia ya 2021 pia, nadhani.

Mazishi saa nane. Mzee wa kanisa alisimama akasoma Ayubu, mstari uleule. Nikajikunja. Lakini safari hii alianza mstari wa nyuma yake, pale Ayubu anapoinuka, anararua joho lake, ananyoa kichwa, anaanguka chini. Miaka yote hii sikuwahi kuusikia huo. Maneno yale alisema Ayubu mwenyewe, akiwa kifudifudi, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na jirani aliyeshika sahani ya pilau. Na rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Waliharibu mambo walipofungua midomo. Nikamkumbuka mtu aliyekaa kwangu siku tisa akiulizia chumvi.

Mchungaji alihubiri kifupi, Zaburi ya 77, panaposema kwamba njia ya Mungu ilikuwa katika bahari na hatua zake hazikujulikana. Hakufafanua sana. Alipokuwa anaomba, gari la kampeni za serikali za mitaa likaja na spika zake. Lilipofika usawa wa turubai likazima, likapita kimyakimya, likawasha tena mbele ya mteremko. Tukamzika kando ya mgomba.

Jioni tulikula mbuzi. Huyo mbuzi alikuwa wa kipaimara. Mjukuu wa marehemu, mtoto wa binti yake mkubwa, anapata kipaimara Jumapili hii hii, na sherehe ilikuwa imeshapangwa. Wazee walibishana: aahirishwe? Bibi mmoja akakata shauri kwamba sherehe ife, kipaimara kibaki, na mbuzi asingoje.

Halafu, saa mbili usiku, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakashuka. Kwanza mmoja kwenye taa ya turubai, kisha kumi, kisha hewa yote ikawa kijani. Vijana waliokuwa wamekaa kwa huzuni waliinuka kama jeshi. Mabati, mashuka, ndoo. Wanawake nao wakatoka kwenye nyasi. Mjomba wa daftari la rambirambi alionekana akiruka juu ya kiti cha plastiki. Zamani kwetu wanawake waliwakusanya senene lakini hawakuruhusiwa kuwala, na bibi yuleyule aliyemhukumu mbuzi alikuwa wa kwanza kuuliza kikaango kiko wapi. Tulicheka. Kaburi lilikuwa hatua thelathini kutoka pale, udongo mbichi, na senene wametua juu yake pia, na hakuna aliyewaokota wale.

Jumamosi, 23 Novemba. Kanisani

Kanisa liko baada ya vibanja vitatu. Asubuhi nilikwenda kurudisha viti tulivyoazima. Kwenye mlango wa chumba cha mchungaji pamebandikwa karatasi ya zamu za usafi, watu wanne kila Jumamosi, kila baada ya wiki nne. Tarehe 23 Novemba: jina la kwanza lilikuwa lake. Kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mwinjilisti. Waliandika kabla hajaugua.

Wanawake watatu walikuwa wameshaanza. Hawakunipa pole nyingine. Mmoja alinipa ufagio. "Mama yako alikuwa upande wa madhabahu," akasema, akarudi kwenye mabishano yao kuhusu bei ya kahawa.

Sikukusudia. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa na viti viwili vya plastiki mikononi, na mtu akiwa na ufagio na wewe una mikono, unapokea.

Kwaya walikuwa wamefanya mazoezi usiku na kuacha taa zinawaka, kwa hiyo senene walikuwa wameingia humu. Waliokotwa na kuchambuliwa humuhumu ndani, na sakafu yote ilikuwa mabawa. Mabawa ya senene hayafagiliki. Ukiyasogelea na ufagio yanapaa, yanazunguka, yanatua nyuma yako palepale ulipokwisha kufagia. Nilifagia ngazi ya madhabahu mara tatu. Mara ya tatu mwenzangu alinihurumia, akaja na kopo: nyunyiza kwanza, acha yalowe, halafu vuta kuelekea kwako, usisukume. Nikanyunyiza, nikavuta. Yakaja yote kama pindo la gauni, laini, yanameta.

Nikiwa nimeinama hapo akaniuliza lile swali. "Una watoto wangapi?"

Dar huwa najibu sina. Ni jibu linaloisha haraka. Sijui kwa nini nilisema, "Mmoja. Amelala Mbagala. Miezi minne."

"Mimi wanne," akasema. Akaelekeza ufagio dirishani, upande wa kibanjani kwao. "Wawili wapo kule." Halafu, "Sogea, umekanyaga taka."

Nikasogea.

Tulipomaliza tulisimama katikati, mabomba ya mvua yanadondoka nje, mikono inanuka vumbi. Yule mkubwa wao akasema tusali Baba Yetu twende, maana ana ndizi jikoni. Tukaanza. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye "mapenzi yako yatimizwe". Hapo sauti yangu ikakatika. Haikukatika kwa kilio, niligoma tu. Sikuweza kulisema hilo, na nikanyamaza. Wao hawakugeuka wala hawakupunguza mwendo. Waliendelea nalo, hapa duniani kama huko mbinguni, wakanibebea, na nikawakuta kwenye riziki.

Usiku nilipunguza gauni jeupe la yule binti wa kipaimara. Lilinunuliwa Bukoba mjini, kubwa kama turubai. Fundi wake alikata kwa makadirio na haya ndiyo matokeo. Cherehani ya mama mdogo mkanda ulikuwa umekatika, nikapinda kwa mkono, binti amesimama juu ya kigoda, taa ya sola shingoni mwangu. Alikuwa anajikumbusha Katekisimu Ndogo, maana kesho wataulizwa mbele ya watu. Ile ya Luther, ya 1529: amri, kisha swali, "Maana yake nini?", kisha jibu. Nilikuwa na pini tano mdomoni. Alisema amri, akasema maana yake nini, akajibu. Akasema kifungu cha imani, maana yake nini, akajibu kwa pumzi moja. Alipofika kwenye sala ya Bwana, ombi la tatu, aliuliza maana yake nini, akasahau. Akanitazama.

Nilitoa pini. "Geuka," nikamwambia, "nimalize nyuma."

Alikumbuka mwenyewe alipokuwa ananipa mgongo.

Jumapili, 24 Novemba. Kipaimara

Watoto ishirini na wawili, nyeupe tupu. Gauni lilikaa, ingawa bega la kushoto lilihitaji robo sentimita ambayo hakuna ataijua ila mimi.

Maswali waliyajibu. Kijana mmoja alikwama, na kanisa zima, wazee wa miaka themanini, wakamnong'oneza jibu kwa pamoja. Mchungaji akacheka. Aliwaambia watoto habari ya wamisionari wa Betheli waliofika Bukoba mwaka 1910, na jinsi vita ya kwanza ya dunia ilivyowaondoa Wajerumani hao, sharika zikabaki mikononi mwa walimu wa Kihaya. Hawakuwa na mishahara ya maana. Walifungua milango kila Jumapili, akasema. Nilitazama ngazi ya madhabahu. Bawa moja lilikuwa limebaki kwenye kona, na nilikosa raha ibada nzima.

Walipiga magoti wakawekewa mikono. Mama wa binti alilia upande mmoja wa uso na kucheka upande mwingine. Sijui kulisema vizuri zaidi. Mdogo wangu, kitinda mimba, alipiga picha zote zikatoka na kichwa cha mzee mmoja mbele.

Kisha mnada. Asiyejua mnada wa kwetu anafikiri ibada imekwisha, kumbe ndiyo inachangamka. Matoleo ya wasio na fedha yanauzwa nje: mikungu, mayai, kahawa, miwa, jogoo mmoja mwenye kiburi. Kuna desturi ya kununua kitu na kukirudisha kiuzwe tena, na yai moja liliuzwa mara sita. Mtu alileta bakuli la senene wa kukaanga, nikaanza bei. Mwanamke aliyenipa ufagio jana akapanda juu yangu. Nikapanda. Akapanda. Tulifika elfu ishirini kwa bakuli ambalo sokoni ni elfu tatu, na nikashinda. Nilipokuwa nahesabu noti nikakumbuka ile michango ya hospitali, na mkono ukasimama kidogo. Nikalipa. Nikawagawia watoto wa kipaimara, wakadondosha mafuta kwenye nguo nyeupe mbele ya macho yangu.

Jumatatu, 25 Novemba. Kuondoka

Bodaboda alikuja saa kumi na mbili kunipeleka kwenye gari la Muleba, niunge basi la Dar. Safari hii nchi kavu yote. Mdogo wangu amebaki kumalizia matanga, na amesema atarudi Mwanza kwa meli, atakaa macho.

Nilimwomba bodaboda asimame kanisani dakika moja. Nilitaka kulitoa lile bawa. Mwinjilisti alikuwa mlangoni na kalamu yake ya bluu. Alikuwa amekata jina la mama mdogo kwa mstari mmoja mwembamba, bado linasomeka, na juu yake ameandika: Mgeni wa Dar.

"Zamu inarudi tarehe 21 Desemba," akasema.

Nikamwambia mzee, mimi naondoka sasa hivi, 21 Desemba nitakuwa Mbagala.

Akafunika kalamu. "Na huko Mbagala," akauliza, "kanisa hamfagii?"

Bodaboda akapiga honi. Niliingia kwanza, nikaliokota lile bawa kwenye kona, nikalitia mfukoni mwa koti kwa kukosa pa kulitupa.